Mpishi Aliyeazima Ulimi

Mpishi hakuingia nyumbani kwake kwa mlango wa mbele, ingawa nyumba ilikuwa yake. Jioni akirudi kazini alizunguka nyuma, akaingia uani, akavua kanzu nyeupe ya kazi pamoja na mshipi wake mwekundu, na kuvitundika kwenye msumari uliokuwa nje, kando ya bafu. Kisha alinawa mikono mpaka viwikoni kwa sabuni ya mche, akasugua kwa jivu, akanawa tena. Hapo ndipo alipovaa msuli, akasimama mlangoni na kumwambia mkewe, "Hodi, bibi." Mkewe alimjibu siku zote jibu lile lile: "Karibu, mgeni."

Nilidhani ni mzaha wa watu waliozeeka pamoja. Ilinichukua muda kuelewa kwamba Mpishi alikuwa akiacha kitu nje makusudi, na kwamba kitu chenyewe kilikuwa divai.

Mimi na mume wangu tulikuwa wapangaji wake Temeke, katika miaka iliyofuata vita vya pili. Mume wangu alikuwa karani wa reli. Tulitoka upande wa Masasi, Wakristo peke yetu katika nyumba ya Waislamu, na chumba chetu kilikuwa cha mwisho, kinachotazamana na jiko la uani. Kwa hiyo nilimwona Mpishi kuliko wapangaji wengine walivyomwona. Jina lake nililijua, lakini sikumbuki kulitumia. Mtaa mzima ulimwita Mpishi, na yeye aliniita Bi Karani, hata siku ambazo mimi na karani tulikuwa tumenuniana.

Alifanya kazi Kurasini, kwa bwana mmoja wa Kizungu aliyekuwa wakala wa meli. Bwana huyo hakuwa na mke, na furaha yake ilikuwa kualika watu chakula cha mchana siku za Jumamosi, barazani, upepo ukitoka bandarini. Alikuwa akiletewa kwa meli divai nyeupe kutoka Hispania. Alisema divai nzito katika joto la Dar es Salaam ni sawa na kuvaa koti la sufu, na kwamba hiyo ya Hispania peke yake ndiyo iliyojua inakwenda wapi. Aliiweka kwenye friji ya mafuta ya taa mpaka chupa ikatoka jasho. Mpishi aliifungua, aliimimina, na alipika chakula cha kwenda nayo. Kuinywa, hakuinywa kamwe. Alikuwa mtu wa sala tano.

Nikimkumbuka, naanza na pua. Alinusa kila kitu, na hakuona haya. Alinusa mchele kabla ya kuupeta, alinusa sufuria tupu, alinusa ndimu kwa kukwaruza ganda lake kwa ukucha. Wachuuzi waliotoka Kunduchi na samaki kwenye baiskeli walimjua. Mmoja wao alipenda kubishana naye mlangoni petu.

"Samaki wa leo alfajiri huyu, mzee. Haki ya Mungu."

Mpishi aliinama, akanusa shavu la samaki. "Alfajiri ya wapi?"

"Kunduchi."

"Kunduchi kuna alfajiri ngapi? Huyu ameona mbili."

"Mzee, wewe unanunua samaki au unamposa?"

"Ningekuwa namposa ningeuliza na wazazi wake. Nionyeshe wa chini ya gunia, wale uliowafichia Wahindi."

Mchuuzi alicheka, akafunua gunia. Changu wa chini walikuwa bado wanang'aa macho. Mpishi alichukua wawili wa bwana na mmoja wa nyumbani, na wa nyumbani hakuwa mdogo kuliko wale wengine. Hilo nalo nililiona. Wapishi wengi wa Wazungu niliowajua walikuwa na samaki wa kazini na samaki wa kwao. Yeye aliona kwamba mdomo ni mdomo.

Alikuwa na maneno yake. Pilipili nyingi alisema ni ya mpishi mwoga. Mtu akisifu chakula kabla hajameza, alisema, "Subiri kifike." Akisikia mwanamke anajivunia viungo vingi, aliuliza, "Na samaki mwenyewe yuko wapi?" Kwa mkewe, ambaye ndiye aliyetupikia nyumbani siku za kawaida, hakusema lolote. Alikula, akanawa, akasema alhamdulilahi. Siku moja mama yule aliweka chumvi mara mbili kwa kusahau, nasi sote tulikunywa maji mpaka usiku. Mpishi alimaliza sahani yake. Nilimuuliza kesho yake kwa nini hakusema kitu.

"Bi Karani," alisema, "mie kazini ni mpishi. Hapa ni mume wa mtu."

Lakini kazini alikuwa mkali hata kwa bwana wake. Kuna wakati bwana alisoma katika kitabu kwamba chaza na kome wakimiminiwa divai kidogo kwenye sufuria wanakuwa watamu zaidi. Akamletea Mpishi chupa jikoni. Mpishi aliifuta jasho kwa kitambaa, akairudisha barazani na kuiweka mbele yake. "Kwenye glasi yako, bwana," alimwambia, "si kwenye sufuria yangu." Alitusimulia hayo bila kujisifu, kama anayeeleza utaratibu wa ofisi. Bwana alicheka na kuacha. Sufuria za Kurasini zikabaki safi, na Mpishi akaendelea kuonja mchuzi wake mwenyewe kwa amani.

Tatizo lilikuwa hapo. Mchuzi aliuonja, divai hakuionja. Sasa atajuaje chakula gani kinapatana nayo? Miaka ya mwanzo alitazama sahani zinaporudi: kilichoisha na kilichobaki. Alitazama glasi pia, kama mtu amekunywa baada ya tonge au amekunywa kulisahau tonge. Aliwahi kumuuliza bwana ile divai inafanana na nini. Bwana akamwambia inafanana na tunda la kijani la kwao Ulaya. Mpishi hakuwahi kuliona tunda hilo. "Ni kama kuniambia njia ya kwenda kwa mtu," alisema, "kwa kunitajia nyumba ya shangazi yake."

Jumapili moja alasiri alitukuta mimi na mume wangu tumekaa uani. Mkewe alikuwa hapo anachambua mchicha. Mpishi alitoa kwenye kikapu chupa ndogo ya dawa ya kikohozi, akaiweka juu ya kinu.

"Bi Karani, ninyi kanisani mnakunywa divai, sivyo?"

"Tunaonja, baba. Tone tu."

"Tone linatosha."

Mume wangu aliweka gazeti chini. "Ya kanisani ni ya kanisani, mzee. Hii ya Kizungu serikali imetukataza sisi watu weusi kuinywa bila kibali. Wakinikuta nayo, reli sirudi."

"Ndiyo maana nimeitia kwenye chupa ya dawa," alisema Mpishi. "Kohoa kidogo."

Mume wangu hakutaka kucheka, akacheka. Mpishi alifunua sinia: pweza aliyechemshwa akakatwa vipande vyembamba na kutiwa ndimu na pilipili manga, kamba wa kuchoma wenye vitunguu saumu, kipande cha samaki wa nazi, na korosho za Mbagala zilizokaangwa kwa chumvi. Akatuambia tule hiki, tunywe tone, tuseme. Halafu hiki, tone, tuseme.

Mume wangu alisema vyote vizuri.

"Wewe rudi kwenye gazeti," Mpishi alimwambia. Akanigeukia mimi.

Sikuwa nimewahi kuulizwa jambo namna ile. Divai ilikuwa na rangi ya maji ya dafu yaliyoguswa na kijani. Ilinukia ganda la ndimu na jani lililovunjwa mkononi, na mwisho wake uliacha ulimini kitu kama chumvi ya bahari, hafifu, inayokufanya utake kula tena. Nilisema hivyo. Mpishi aliacha kupepesa macho.

"Na samaki wa nazi?"

"Anaizima. Ukila tui hili zito kisha ukanywa, inakuwa kama maji yaliyooshewa ndimu."

"Pweza?"

"Pweza anaiamsha. Halafu yenyewe inamwamsha pweza."

Mkewe aliinua uso kutoka kwenye mchicha. "Mume wangu, huyu umemwona wapi siku zote?"

"Alikuwa hapa," Mpishi alisema. "Sisi ndio hatukuuliza."

Kuanzia hapo nikawa ulimi wake. Si kila juma. Pengine mara moja kwa miezi kadhaa, anapotaka kujaribu jambo jipya, na siku zote mkewe na mume wangu wakiwapo. Tuligundua kwamba ukwaju unagombana na divai ile na kwamba nyama ya ng'ombe inaikanyaga. Tui jepesi la pili liliruhusiwa kwa samaki mweupe, lile zito halikuruhusiwa kabisa. Na siku moja nilipokuwa nakula zangu muhogo wa kukaanga, wenye chumvi na ndimu, nilichukua tone kwa mazoea na nikaacha kutafuna.

"Nini?" aliuliza.

"Onja, baba." Kisha nikakumbuka na kuona aibu.

Alitabasamu. "Wewe niambie tu."

Jumamosi iliyofuata mihogo ya Mbagala ilipanda barazani Kurasini kwenye sahani za kauri. Ikaisha kabla ya samaki. Wageni walitaka jina la chakula kile. "Nimewaambia kinaitwa muhogo," Mpishi alitusimulia. "Wakatikisa vichwa kama wameambiwa siri."

Nayataja haya kwa sababu ndiyo niliyoishi nayo baadaye. Mume wangu alipougua na kuacha reli, nilifungua sehemu ya chakula karibu na kilabu cha tembo la mnazi, hapo hapo Temeke. Wengine waliwauzia wanywaji nyama tu, asubuhi hadi jioni. Mimi nilifanya kama nilivyofundishwa uani. Tembo la asubuhi ni tamu na lina povu, linataka kitu cha chumvi: dagaa wakavu, korosho, pweza. La alasiri limechachuka, linataka muhogo na samaki wa kukaanga. Watu hawakujua kwa nini kwangu tembo lilikuwa tamu zaidi. Watoto wangu walisoma kwa mihogo ile. Kila nilipopanga sahani nilimwona Mpishi ameinama, ananitazama mdomo, anasubiri neno.

Simtengenezi kuwa malaika. Alikuwa na kiburi cha kazi yake. Alipenda kusimulia mpangilio wa meza ya Kurasini, sahani gani ilitangulia na ipi ikafuata, na sauti yake ilipanda. Kisha katikati ya maneno alikumbuka anasifia nini, akaenda kunawa mikono ambayo ilikuwa safi. Nilimwona akifanya hivyo mara nyingi. Alijua vizuri kwamba katika dini yake lawama haiishii kwa anayekunywa; anayemimina naye yumo. Hakuna aliyehitaji kumfundisha. Alikuwa amejenga maisha yake yote ya kazi juu ya tofauti kati ya kushika na kunywa, na alijua kwamba tofauti hiyo ni nyembamba.

Mtaa ulimpa heshima kubwa kuliko zote anazoweza kupewa mpishi: sufuria za shughuli. Maulidi, hitima, harusi, pilau ilikuwa ya kwake. Aliwapikia watu bila malipo, akiwa na mwiko mrefu kama kasia, amejifunga taulo kiunoni, akiwafokea wanaume waliozoea kufoka. Na alikuwa na binti mmoja. Tangu binti akiwa mdogo alisema kwamba siku ya harusi yake atapika pilau ambayo watu watahesabia miaka. Binti alipoposwa na kijana wa Keko, seremala, Mpishi alianza kuchagua mchele kabla ya mahari kukubaliwa.

Mwezi wa Ramadhani ulipoingia, harusi ikiwa imepangwa baada ya Idi, sahani zikaanza kurudi.

Desturi yetu uani na mtaani ilikuwa kupelekeana futari. Unapeleka kwa jirani sahani ya tambi au mihogo ya nazi, naye siku nyingine anaijaza sahani yako cha kwake. Hata mimi niliyekuwa sifungi nilipelekewa na nilipeleka. Mwaka ule sahani alizopika Mpishi kwa mkono wake zilirudi siku ile ile, zimefunikwa kawa vile vile, na ujumbe mpole: tumeshiba, asante, mtugawie siku nyingine. Sahani ya kwanza hatukuifikiria. Zilipofuatana, mkewe alikaa juu ya mbuzi ya nazi na kulia bila sauti.

Maneno yalikuwa yametoka. Mtu alimwona Mpishi akitoa chupa kikapuni uani kwetu. Wakasema mzee anakunywa na Wakristo, na mikono hiyo hiyo ndiyo inayowakorogea pilau ya maulidi. Yakafika Keko. Ami yake bwana harusi akatuma neno kwamba hawana ugomvi na binti, wala na posa. Ila chakula cha harusi akipike mtu mwingine.

Nilimfuata Mpishi kwenye msumari wake, kabla hajamaliza kunawa.

"Shikamoo, baba. Mie nakwenda kwa mwalimu wa chuo cha Kurani. Nitamwambia aliyekuwa anakunywa ni mie."

"Marahaba. Huendi."

"Ni kweli lakini."

"Leo utamwambia mwalimu, kesho itafika reli. Karani atakula nini? Nawe una mimba."

"Na wewe je? Wanakusingizia."

Alichukua jivu, akasugua kidole kimoja kimoja. "Wananiuliza jambo ambalo hata mwenyewe najiuliza, mwanangu."

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo. Nilirudi chumbani na sikwenda popote.

Mwalimu wa chuo cha Kurani alikuja mwenyewe, baada ya futari. Walikuwa marafiki tangu ujana, na alikaa juu ya mkeka uani pale pale, hakutaka kuingia ndani kama mtu anayeficha. Mimi nilikuwa naosha vyombo hatua chache kutoka kwao, na hakuna aliyeniambia niondoke.

"Umeonja?" mwalimu aliuliza.

"Sijaonja."

"Unamimina?"

"Namimina."

"Basi hawakukusingizia. Wamekosea nusu."

"Nusu iliyobaki nayo ni nzito," Mpishi alisema.

Mwalimu hakumwamuru lolote. Alikunywa kahawa yake, akauliza habari za miguu ya mke wa Mpishi, akaaga. Alipofika kwenye geti alisema bila kugeuka, "Mchele usiununue bado."

Siku iliyofuata Mpishi alimwambia bwana wake kwamba ataendelea kumpikia, na atapika vilevile kwa ajili ya divai yake, lakini chupa hataigusa tena. Hatafungua, hatabeba, hatamimina.

Ni vigumu kuwaeleza vijana wa sasa ukubwa wa neno hilo. Mtumishi wa wakati ule hakumpangia Mzungu kazi. Akifukuzwa bila cheti kizuri, kwa umri wake, asingepata nyumba nyingine, na nyumba yetu ya Temeke ilikuwa inakula kutoka Kurasini. Mkewe alimwambia, "Umengoja mpaka mwaka wa harusi?" Alisema ndiyo, ndiyo maana.

"Bwana amesema nini?" niliuliza.

"Ameniuliza nani atamimina. Nimemwambia, bwana ana mikono miwili."

"Akasema?"

"Akasema tutaona Jumamosi."

Jumamosi ile mimi na mkewe tulikaa uani tangu adhuhuri, tukisema tunatwanga kisamvu. Kisamvu kililainika, tukaendelea kukitwanga. Mpishi alirudi jua bado liko juu. Alitundika kanzu, akanawa. Alinawa mara moja tu, bila jivu, nami nilitazama jivu lile lililobaki kama lilivyokuwa. Akaja kukaa.

"Nimetoa pweza," alisema. "Glasi ziko tupu. Wageni wananitazama mie, mie namtazama bwana. Bibi mmoja akasema kitu kwa Kizungu, sikukipata chote, lakini jina langu lilikuwamo. Bwana akainuka. Akaenda kwenye friji mwenyewe. Akarudi ameishika chupa shingoni kama amekamata kuku. Akamwagia kitambaa, akamwagia na mkono wa yule bibi."

"Nawe ukafanyaje?" mkewe aliuliza.

"Nikaleta kamba."

Tulicheka mpaka mkewe akashika mbavu, na machozi yale hayakuwa ya kicheko tu. Bwana hakumfukuza. Alisemwa na wenzake, nadhani, maana Jumamosi kadhaa wageni walipungua. Lakini aliendelea kuinuka na kumimina, na Mpishi alisema mkono wake ulitulia kadiri muda ulivyokwenda. Sijui kwa nini bwana alikubali. Mpishi alisema ni muhogo. Mimi nadhani Mzungu yule alipokumbuka chupa iliyorudishwa kutoka jikoni, alijua ana mtu wa namna gani.

Harusi ilifika. Tangu alfajiri Mpishi alikuwa nyuma ya nyumba na masufuria yake, na mwalimu wa chuo alikaa karibu na moto akisoma tasbihi, akikohoa moshi, ili kila apitaye amwone. Watu wa Keko walipofika, ami alisalimia, akatazama masufuria, akamtazama mwalimu.

"Nani kapika?"

"Baba yake bibi harusi," mwalimu alisema. "Mikono yake naijua. Niulize chochote."

Ami hakuuliza. Alikaa na wenzake kwenye jamvi, na sinia lilipowekwa alikula taratibu, kama mtu anayesoma barua ya mkopo. Sisi wanawake tulichungulia kwenye pazia. Baada ya muda alimwita kijana mmoja na kumnong'oneza. Kijana akaja nyuma mbio kwa Mpishi.

"Ami anauliza kama kuna ukoko."

Mpishi aligeuza mwiko, akakwangua chini ya sufuria lile gamba la wali lililoshika rangi, akalijaza kwenye sahani kubwa kuliko zote.

Kuhusu pilau yenyewe sisemi. Nitaambiwa natia chumvi.

Miaka ikaenda. Mtoto wangu wa mimba ile alianza shule. Bwana wa Kurasini alirudi kwao, Mpishi akapumzika, na mkewe alipofariki alihamia Mbagala kwenye shamba lake la mikorosho, kwa binti na mkwewe seremala. Sheria ya vibali nayo ikalegea. Nilisikia watu wetu wakinunua divai dukani kweupe. Nilikuwa na shughuli zangu za chakula, nikawa nakwenda kumwona pale nilipopata lori la kunichukua.

Mara ninayoikumbuka zaidi ilikuwa Ijumaa. Miguu yake ilikuwa imevimba na alikaa kitandani barazani, amekonda, ila pua ilikuwa kazini: alinitambua kabla hajafungua macho. "Umetoka kukaanga," alisema. Tuliongea habari za watoto. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayepanga kazi ya kesho:

"Nikifa, pilau ya hitima upike wewe."

Nilimwambia aache maneno hayo. Akangoja nimalize.

"Baba, mie ni Mkristo. Siku zote mikono yangu iko kwenye chakula cha wanywaji wa tembo. Watu watakula?"

"Mbuzi atachinjwa na Mwislamu. Wewe unapika tu."

"Wewe walikurudishia sahani, na ulikuwa Mwislamu."

"Ndiyo. Kwa hiyo najua inavyokwenda." Alijiinua kwenye mto. "Mie walinizoea, na bado neno moja liliwatoa kwenye sahani yangu. Wewe hawajakuzoea. Wakikuona siku ya kwanza mie nikiwa kaburini, nani atawajibu? Wanatoka msikitini sasa hivi, wanakuja kunijulia hali, mwalimu pamoja nao. Mchele upo. Nenda kanawe."

"Leo?"

"Wewe ulidhani nakuita mwaka ujao?"

Binti yake alikuwa mlangoni, anacheka na kufuta macho kwa kanga. Tayari alikuwa amewasha moto. Nilipika nikipima kila kitu mara mbili, mimi niliyekuwa nawalisha watu wa kilabu kizima bila kufikiri. Wazee walifika na kanzu zao, wakakaa kuzunguka kitanda. Mpishi hakuwaficha. Aliwaambia, "Amepika Bi Karani, mke wa karani wa reli, Mkristo, mwanangu." Mmoja alitengeneza kofia yake iliyokuwa imekaa sawa.

Mpishi alinyoosha mikono, binti akammiminia maji. Alichota tonge, akalitafuna polepole kwa meno aliyobakiwa nayo, akameza, akangoja lifike.

"Chumvi imepungua kidogo," alisema.

Akachota tena, na wazee wakavuta mikono ya kanzu, wakasogea kwenye sinia.